Subaru langu la zamani linavuja oili: nibadilishe injini?

"Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 2001, ya tabo, gia za mkono. Nililinunua mwaka jana kwa mtu wa Mbezi Beach na historia yake siijui. Kila asubuhi nakuta matone ya oili chini, usawa wa katikati ya injini, na mwenye nyumba ameanza kunung'unikia pevingi zake. Nikikwama foleni ya Mwenge harufu ya oili inayoungua inaingia hadi ndani, na mara mojamoja nauona moshi mwembamba unatoka pembeni mwa boneti. Naongeza kama nusu lita kila baada ya wiki mbili. Fundi wa kwanza alipaka silikoni kuzunguka sampu (bakuli la oili chini ya injini); baada ya wiki tatu matone yakarudi. Wa pili ameniambia niweke oili nzito na dawa ya kuziba. Wa tatu anasema injini imechoka, nikatafute nyingine ya mtumba kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo. Desemba nataka kwenda nalo Moshi na familia. Nimsikilize nani?"

Marahaba, ndugu yangu. Nimeyasoma maelezo yako mara mbili, na kilichonisumbua ni kwamba mafundi watatu wamekupa dawa tatu, lakini hakuna hata mmoja aliyekuonyesha oili inatokea wapi. Mmoja amepaka, mmoja amekisia, mmoja amehukumu. Kabla hujatoa shilingi nyingine, mtu aingie chini ya gari na taa, akuoneshe kwa kidole sehemu inayotoa oili. Hilo halijafanyika bado.

Naelewa hofu yako. Umenunua gari unalolipenda, halafu unaambiwa moyo wake umekufa. Lakini injini kuvuja na injini kuchoka ni mambo mawili tofauti. Injini iliyochoka inakula oili kwa ndani: ringi za pistoni zimelika au sili za valvu zimekauka, oili inapenya kwenye chumba cha mwako na kuungua pamoja na petroli. Dalili yake ni moshi wa bluu kwenye ekzosi, hasa unapowasha asubuhi au unapokanyaga mafuta baada ya kushuka mteremko, na plagi zenye masizi yenye mafuta. Wewe hukutaja hata moja ya hizo. Umetaja matone chini na moshi wa pembeni mwa boneti, yaani oili inayotoka nje na kudondokea chuma cha moto. Hiyo kwa kawaida ni habari ya mipira iliyozeeka, na injini yenyewe inaweza kuwa na afya njema kabisa.

Fikiria umri. Gari la 2001 lina zaidi ya miaka ishirini. Gasketi na sili ni mpira, na kazi ya mpira ni kujibana kati ya vyuma viwili na kuendelea kusukuma muda wote. Joto likiupika kwa miaka, unakuwa mgumu, unapoteza ule msukumo, kisha unapasuka nyufa ndogo. Ukiutoa kwenye gari la umri huo mara nyingi unakatika mkononi vipande vipande. Foleni za Dar zinaharakisha jambo hili: gari limesimama, hakuna upepo, AC inafanya kazi, na joto lote linabaki chini ya boneti.

Sasa kuna jambo la pekee kwa Subaru. Injini yako ni ya familia ya EJ, iliyoanza na Legacy mwaka 1989. Silinda zake nne zimelala, mbili kila upande. Injini nyingi za Toyota unazozijua zimesimama kama sufuria lililo jikoni, mfuniko uko juu. Gasketi ya mfuniko ikichoka, oili inatoka kidogo kwa kurushwa tu. Ya kwako ni sufuria lililolazwa ubavu, na mfuniko ndio unaozuia mchuzi usimwagike. Mfuniko huo ndio mafundi wanauita tapeti kava, nawe unazo mbili, kushoto na kulia. Ukizima gari, sehemu ya oili inabaki ndani ya hedi (kichwa cha injini) ikiegemea ukingo wa chini wa tapeti kava usiku kucha. Gasketi ikiwa ngumu, inachuruzika. Na chini yake hasa kuna mabomba ya ekzosi. Ndiyo maana unasikia harufu ukiwa foleni: tone linaangukia bomba la moto, linageuka moshi, na kwa kuwa gari halitembei moshi unapanda hadi kwenye tundu la hewa lililo chini ya kioo cha mbele na kuingia ndani. Barabara ikifunguka, upepo unaupeperusha na harufu inapotea.

Hivyo mtuhumiwa wangu wa kwanza ni tapeti kava. Lakini nakuomba usiende kununua gasketi kwa neno langu pekee, kwa sababu mimi sijaliona gari, na nikiishia hapo nitakuwa fundi wa nne anayekisia.

Namna ya kutafuta ni hii. Injini ikiwa imepoa, funika altaneta na njia ya hewa kwa mfuko wa plastiki, puliza dawa ya kuondoa grisi kuanzia juu hadi sampu, sugua kwa brashi, suuza kwa maji ya kawaida. Usikubali kijana wa kuosha magari akurushie maji ya presha kwenye injini iliyotoka barabarani, na usikubali kuoshewa injini kwa petroli. Nimeona boneti zikiwaka kwa mtindo huo. Ile silikoni aliyopaka fundi wa kwanza kwa nje ikwanguliwe yote, inaficha ushahidi. Ikishakauka, endesha dakika ishirini hivi, kisha litazame gari kwa taa kali kuanzia juu. Sehemu ukiishuku lakini huioni vizuri, ipake poda ya mtoto ikiwa kavu na uendeshe tena. Oili itachora njia yake kwenye weupe. Gereji zenye vifaa wana rangi maalumu inayochanganywa na oili na kung'aa kwa taa ya zambarau, na kwa uvujaji mgumu ina faida kubwa. Usiku lala na boksi tupu lililofunguliwa chini ya injini, uweke alama mahali matairi ya mbele yalipo, ili asubuhi ujue tone liko usawa wa nini.

Unapotazama, shika kanuni moja: oili inashuka, na gari likitembea upepo unaisukuma nyuma. Kwa hiyo palipodondokea si patokeapo. Tafuta mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa penye unyevu. Fundi wako wa kwanza aliona sampu ina oili akaipaka sampu, wakati sampu ndiyo sehemu ya chini kabisa na kila kinachovuja juu kinaishia pale.

Kwa juu, mbele, chini ya altaneta kuna swichi ya presha ya oili. Ni kitu kidogo na cha bei nafuu, na kikipasuka kinatema oili juu ya bloki, inajikusanya kwenye mabonde ya juu ya injini kisha inateremka pande zote mbili mpaka ukadhani injini nzima inavuja. Nimekutana na watu waliotaka kushusha injini kwa sababu ya swichi hii, ndiyo maana huwa naiangalia kabla ya kitu kingine. Hapo hapo jirani kuna pampu ya stelingi na mipira yake. Oili ya stelingi ikivuja inafuata njia ile ile, lakini ni nyepesi na mara nyingi ina wekundu. Chota kwa tishu nyeupe uione rangi yake.

Kwa upande wa tapeti kava, fungua plagi. Katikati ya kila kava kuna sili zinazozunguka mashimo ya plagi, na zikichoka oili inajaa shimoni, gari linaanza kukosa moto. Ukikuta plagi zinaogelea, umepata jibu la sehemu ya tatizo. Kazi ya kubadilisha gasketi hizi haihitaji kushusha injini, ingawa nafasi ni finyu na betri pamoja na njia ya hewa lazima vitolewe. Fundi anayeijua anaimaliza kwa siku moja. Sisitiza mambo mawili: seti iwe kamili, yaani gasketi za kava, sili za mashimo ya plagi na raba za bolti, na bolti zikazwe kwa nguvu ndogo kwa kufuata kipimo. Hedi ni aluminiamu. Fundi akikaza kwa hasira, nyuzi zinang'oka na utakuwa umenunua tatizo jipya.

Kulia, nyuma, ndipo tabo ilipo. Inapata oili kwa bomba jembamba la chuma na kuirudisha kwa mpira ulio chini yake. Mpira huo unakaa kwenye joto kali kuliko wote garini na hukakamaa hadi unalia ukiuminya. Hapa sitaki uchukulie mchezo. Oili inayodondokea tabo au bomba lake inaweza kushika moto. Ukiona unyevu upande huo, gari lisiende Mwenge wala popote mpaka litengenezwe.

Mbele, nyuma ya kava za mkanda wa taimingi, kuna sili ya krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), sili za kemshafti (shafti zinazofungua valvu), na pampu ya oili yenye oringi yake, yaani pete ya mpira. Bamba la nyuma la pampu hiyo lina skrubu zinazojulikana kwa kulegea zenyewe kadiri miaka inavyokwenda. Ukiona oili inachuruzika chini ya kava za mkanda, kazi ni kubwa kidogo kwa sababu lazima mkanda utoke. Lakini wewe unasema historia ya gari huijui, maana yake hujui mkanda una umri gani. Mkanda huu hubadilishwa kila kilomita 100,000, na oili ikiugusa huwahi kuchoka. Ukikatika kwenye injini yako, valvu zinagongana na pistoni, na hapo kweli utakwenda Gerezani kutafuta injini. Kwa hiyo, iwe sehemu ya mbele inavuja au haivuji, mimi ningeifungua: mkanda mpya, roli zake, kikaza mkanda, pampu ya maji kwa sababu inaendeshwa na mkanda huo huo, sili zote za mbele, oringi ya pampu ya oili, na zile skrubu zikazwe kwa gundi ya nyuzi. Pesa nyingi hapo ni ya ufundi, na ufundi unaulipa mara moja.

Nyuma, oili ikitoka pale injini inapoungana na giaboksi, mafundi wengi hutamka haraka "sili ya krenki ya nyuma". Kwa EJ mara nyingi siyo. Juu yake kidogo kuna bamba la kutenganisha oili na hewa, ambalo kwenye injini nyingi lilitoka kiwandani likiwa la plastiki. Linapinda kwa joto na kuvuja. Dawa ni bamba la chuma. Kulifikia lazima injini au giaboksi itoke. Kama ni unyevu tu na si matone, ningesubiri siku ya kubadilisha klachi. Ila nusa kwanza: oili ya giaboksi ina harufu kali ya salfa, na huenda inatoka kwenye sili za ekseli za mbele.

Kuna chanzo kimoja kisichoonekana kwa macho, na mafundi wengi hawakigusi. Kila injini ina gesi kidogo zinazopenya kwenye ringi na kushuka chini kwa krenki, na ya tabo ina nyingi zaidi. Gesi hizo zinapaswa kutoka kupitia valvu ya PCV na mipira ya kupumulia. Valvu ikiziba kwa masizi, gesi inakosa njia, presha inapanda ndani, na inasukuma oili nje kupitia sehemu yoyote iliyo dhaifu. Ikikwama wazi nayo ni balaa, kwa sababu tabo ikisukuma, hewa yake inaingia ndani ya injini. Ukibadilisha gasketi zote na kuiacha valvu mbovu, utavuja tena baada ya miezi michache na utalaumu gasketi. Itolewe na kubadilishwa pamoja na mipira yake iliyopasuka.

Nirudi kwa ushauri uliopewa. Silikoni kwanza. Kwenye EJ, sampu yenyewe imefungwa kiwandani kwa gasketi ya kupaka inayotoka kwenye tyubu, kwa hiyo silikoni si adui. Shida ni kuipaka kwa nje juu ya oili, haishiki. Na shida kubwa zaidi ni kuipaka kwa wingi ndani: ziada inajikunja, inakatika, inaanguka ndani ya sampu na kuziba chujio la bomba linalovuta oili. Hapo injini inanoki, yaani inagonga kwa kukosa oili. Kama siku moja sampu itafunguliwa, nyuso zisafishwe mpaka ziwe kavu kabisa, upakwe uzi mwembamba, uachwe ukauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kujaza oili. Na wakati iko wazi, bomba hilo la kuvuta oili likaguliwe, kwa sababu kwenye injini hizi za tabo huwahi kupasuka penye maungio.

Oili nzito haizibi mpira uliopasuka, inapunguza tu mwendo wa kutoka. Dar hakuna baridi ya kuogopa, kwa hiyo 5W-40 au 10W-40 nzuri inakutosha. Ukienda 20W-50 kwa sababu ya matone tu, unaficha dalili. Zile dawa za kuziba zinafanya kazi kwa kulainisha na kuvimbisha mpira. Kwa sili iliyokauka kidogo zinaweza kukupa miezi kadhaa, nami siwezi kusema ni uongo. Kwa gasketi iliyokatika hazifanyi chochote, na kwa kuwa zinalainisha hata mipira mizima, kwenye injini ya tabo mimi sizitumii.

Injini ya mtumba je? Ile ya Gerezani ni ya umri ule ule, ina mipira ile ile, imekaa kwenye kontena na rafu ikikauka, na hujui ilivyoendeshwa huko ilikotoka. Ukiifunga bila kubadilisha sili zake, utavuja upya. Isitoshe namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo utalazimika kwenda TRA kubadilisha taarifa. Kabla ya kukubali hukumu hiyo, mwambie fundi wa tatu apime kompresheni (presha ya hewa inayobanwa na pistoni) ya silinda zote nne na akuandikie namba. Zikiwa nzuri na zinakaribiana, injini yako ibaki pale ilipo. Silinda moja ikiwa chini sana, au moshi mzito ukitoka kwa msukumo ukifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa imewaka, hapo mazungumzo ya kufungua injini yana msingi.

Ukienda kununua spea, beba namba ya chesisi na siyo jina la gari tu. Impreza za miaka hiyo zinafanana kwa sura lakini gasketi zinatofautiana. Kwa sili za krenki na kemshafti nunua orijino hata kama ni ghali, kwa sababu kuzifikia ni gharama kuliko zenyewe. Na usisahau kuuliza kama gari lilibadilishwa oili hivi karibuni: filta ya injini hii iko chini, katikati ya mabomba ya ekzosi, na oili inayomwagika wakati wa sevisi inaweza kunuka siku kadhaa bila uvujaji wowote.

Wakati unasubiri, pima oili kila baada ya siku mbili au tatu, asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare. Subaru iliyotoka kuzimwa inadanganya, kwa sababu oili bado iko kwenye hedi. Kati ya alama ya chini na ya juu ya stiki ni karibu lita moja, kwa hiyo nusu lita yako ni nusu nzima ya akiba. Usingoje taa nyekundu. Taa ile inapima presha, na kwenye injini ya tabo ikiwaka ujue beringi za krenki zimeshakosa oili. Ikiwaka, zima hapo hapo, hata kama ni katikati ya daraja la Kijazi, na uite gari la kuvuta. Vivyo hivyo ukisikia mlio wa chuma kugonga injini ikiwa imewaka, au ukiona moshi mwingi upande wa tabo. Na ukitaka kuchungulia chini mwenyewe, gari likae juu ya stendi, kamwe usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Kuhusu Moshi, ni zaidi ya kilomita 500 kwenda tu, na tabo inafanya kazi muda mrefu kuliko mjini. Ukimaliza tapeti kava, PCV na kazi ya mbele, endesha wiki mbili za kawaida hapa mjini ukipima stiki. Isiposhuka, nenda, ukiwa na lita moja ya oili ile ile kwenye buti, na ukifika Segera pumzika, injini ipoe, upime tena kabla ya kuendelea Korogwe. Kama mwanzoni mwa Desemba bado hujui mkanda una umri gani, au upande wa tabo bado una unyevu, familia ipande basi pale stendi ya Magufuli na gari libaki nyumbani.